Pauni Kumi na Nne za Fundi Robo

Wasikilizaji wapendwa, aliyeshika sufuria aiweke chini, aliyeshika simu aifunike, na mwenye watoto wanaopiga kelele awape kitu cha kutafuna. Tunamkumbuka mtu. Tukimaliza, mtaamua wenyewe mumlilie au mumcheke. Sisi tumeshindwa kuamua.

Aliitwa Fundi Robo. Jina alilopewa na wazazi tunaliacha kwa familia, maana hata wanawe walilisikia siku za kufungua shule tu. Alikuwa fundi wa magari ya kasi, yale mafupi, yaliyoinama kama yanatafuta shilingi iliyodondoka, yenye turbo mbili. Aliitwa Robo kwa sababu ya namna alivyorekebisha presha. Alizungusha skrubu robo mzunguko, akaacha, akasikiliza. Robo tena, akaacha, akasikiliza. Mteja akimwambia, "Fundi, piga nusu tuondoke," bisibisi iliingia mfukoni na fundi alikwenda kunywa maji.

Alifariki wiki sita zilizopita, akiwa na miaka hamsini na mmoja, kwa homa ya mapafu. Siyo kwa gari. Tunarudia: siyo kwa gari.

Mengi mtakayosikia ametusimulia mdogo wake wa kike. Kazi yake ni kuandika vibao. Kibao cha kinyozi, kibao cha duka la dawa, kibao cha "Usikojoe Hapa". Herufi zake zimenyooka kuliko wengi wanaozisoma. Alifika studio ana rangi ya bluu kwenye kucha, akakaa, akasogeza maikrofoni kama anayesogeza sahani asiyoitaka.

"Sikuja kumsifu," alisema. "Mmeshamsifu vya kutosha makaburini. Nimekuja kumharibia jina. Naomba maji."

Tukampa maji.

Wasikilizaji wapendwa, kwa ambao gari lao ni miguu yao, tueleze kidogo. Turbo ni feni. Moshi wa injini unaizungusha, nayo inasukuma hewa kurudi ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli inazidi, na nguvu inazidi. Presha ya hewa hiyo hupimwa kwa pauni. Kwenye dashibodi kuna geji, kitu kama saa, yenye mshale mmoja. Na chini ya boneti kuna skrubu ndogo inayoamua yote. Ukiikaza, presha inapanda. Ukiikaza mno, pistoni inatoboka. Somo limekwisha. Chuo cha ufundi hulisema kwa miaka miwili.

Mwanzoni Fundi Robo alikuwa mkweli. Hilo dada yake alitaka lisemwe kabla ya mengine yote. Alichukua gari la mteja, akaifunga geji yake mwenyewe kwa mpira kwenye kioo cha mbele, akalipandisha mlima ulio nyuma ya maghala. Gia ya tatu, mafuta mpaka chini. Juu ya mlima alizima, akafungua plagi na kuangalia rangi. Plagi ikiwa na rangi ya biskuti, injini imeshiba vizuri. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inaungua na haina pa kusemea. Alifanya hivyo kwa gari moja baada ya jingine, na jibu lilikuwa lile lile. Kwa injini hizi na petroli hii tunayouziwa, pauni kumi na nne. Kumi na tano ni kiburi. Zaidi ya hapo ni matanga.

Wateja walipokeaje habari hiyo? Kama watu walioambiwa wana kimo cha futi nne na nusu.

Wa kwanza kuchukia alikuwa daktari wa meno, mtu ambaye kutwa huwakatazia watu pipi.

"Kumi na nne?" alisema. "Fundi, shemeji yangu ana ishirini na mbili!"

"Shemeji yako ana gari au ana mdomo?"

"Ana ishirini na mbili, nimeiona kwa macho yangu kwenye geji."

"Basi kamwambie akuwekee yeye."

Daktari wa meno akavuka barabara. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na gereji ya Robo, kulikuwa na fundi mwingine, naye hakuwa mchoyo. Alikaza skrubu kama anayefunga mfuniko wa chupa ya mafuta ya taa. Ishirini na mbili! Daktari alipita mbele ya gereji ya Robo akipiga honi. Siku kumi na tisa baadaye alipita tena mbele ya gereji hiyo hiyo, kimya, akivutwa kwa kamba.

Fundi Robo akafungua injini, akatoa pistoni yenye tundu katikati, akaiweka kwenye kiganja cha daktari. "Jino hili, daktari, umeling'oa mwenyewe, tena bila ganzi."

Alimtengenezea. Kazi ilichukua wiki tano. Siku ya kuchukua gari, daktari alizunguka zunguka, akapiga tairi teke mara mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Sasa fundi. Safari hii niwekee ishirini na mbili, lakini ile nzuri."

Ile nzuri! Dada mtu anasema hapo ndipo kaka yake alipochoka kuwa mkweli.

Alikwenda kwa dada yake mchana ule ule, na geji ya lile gari ameifunga kwenye leso kama yai.

"Mdogo wangu, unaweza kuandika tarakimu ndogo kama punje ya mchele?"

"Naweza kukuandikia jina lako lote kwenye punje. Unataka nini, kaka?"

Alichotaka ni hiki. Sifuri ibaki ilipo, ili mtu akizima gari asishtuke. Lakini palipoandikwa kumi na nne, paandikwe ishirini na mbili. Zilizobaki zibanwe kati, zikae kwa adabu. Dada mtu alicheka mpaka akamwaga rangi nyeupe kwenye kibao cha mchungaji. Hawa ndio waliokuwa wakisogeza mbele saa ya ukutani utotoni ili baba awahi kulala. Walikuwa hawajafanya kitu pamoja miaka mingi. Alichukua brashi iliyobaki na nywele tatu, akazuia pumzi, akaandika. Chini, mahali pa jina la kiwanda, aliacha wazi. Hakutaka kusingizia kiwanda cha watu.

Daktari wa meno akapanda mlima. Mshale ukafika ishirini na mbili. Akarudi macho yamelowa.

"Sasa hili ndilo gari! Mgongo umeganda kwenye kiti! Ile kumi na nne yako ilikuwa baiskeli, fundi, nisamehe nikuambie."

Ilikuwa kumi na nne. Tunarudia, wasikilizaji wapendwa: ilikuwa pauni kumi na nne, ile ile, haikuongezwa hata pumzi ya kuku. Dada mtu alikuwa nyuma ya rundo la matairi ameuma mkono wa gauni lake. Fundi Robo alikuwa anafuta spana na kuitikia, "Ndiyo, daktari. Umeisikia, eeh? Ndiyo."

Daktari akawaambia rafiki zake. Rafiki zake wakaja. Muuza vifaa vya ujenzi alitaka ishirini na tano, akaandikiwa. Rubani mstaafu alitaka thelathini, akaandikiwa thelathini na mstari mwekundu, akaonywa asiuguse mstari ule kabisa. Mzee wa watu aliuheshimu kama mpaka wa nchi mbili. Ndani ya miaka kumi na moja dada mtu aliandika geji thelathini na saba. Magari thelathini na saba, yote kwenye pauni kumi na nne, turbo ya kushoto na ya kulia zikisukuma sawasawa, maana hilo Robo hakulifanyia mzaha. Na katika miaka kumi na moja hakuna hata moja lililorudi kwa kamba.

Jina likakua. Watu walisafiri kutoka miji mingine kumwona mtu anayetoa ishirini na mbili na injini haipasuki. Waliporudi kwao waliwasimulia wengine, na wengine wakaja.

Sasa tufike penye uchungu, maana hatukukusanyika hapa kuchekeshana.

Fundi wa ng'ambo alikuwa anaona. Kila siku anaona. Magari ya Robo yana ishirini na mbili na yanaishi. Ya kwake yana ishirini na mbili na yanakufa. Hakulala. Alibadilisha plagi, alibadilisha mabomba, alinunua vitabu, alituma watu wajifanye wateja. Injini zikaendelea kupasuka mkononi mwake moja baada ya nyingine, kwa sababu alikuwa anamfukuza mtu ambaye hakuwa mbele.

"Kaka," dada mtu alimwambia siku moja, "yule wa ng'ambo anaua magari ya watu akijaribu kukufikia."

"Kila mtu na skrubu yake, mdogo wangu."

Alilisema bila kucheka, na dada mtu alilitambua hilo. Lakini siku iliyofuata alimletea geji nyingine kwenye leso, naye akaiandika. Alituambia hivyo mwenyewe, hatukumuuliza: "Nikaiandika."

Robo alikuwa akiahidi kuwaeleza wateja. Atawaeleza mwaka mpya. Atawaeleza akistaafu. Kisha homa ya mapafu ikamlaza. Kitanda cha kumi na moja, karibu na dirisha lisilofunga vizuri. Dada mtu alikuwa amekaa pembeni anammenyea chungwa ambalo hakulila.

"Wale watu," Robo alisema. "Waambie."

"Niwaambie nini, kaka? Wote? Kwa mdomo upi?"

"Taratibu. Robo, robo."

Nesi akaja na barakoa ya oksijeni, na mazungumzo yakaishia hapo. Alifariki Alhamisi.

Kwenye mazishi yalikuja magari thelathini na moja. Yalijipanga kando ya ukuta wa makaburi, na jeneza liliposhushwa yakanguruma yote kwa pamoja mpaka ndege wakahama miti. Daktari wa meno alisimama akasema, "Mtu huyu alinipa ishirini na mbili, na sikuvutwa kwa kamba tena." Watu wakaitikia. Mjane wa Robo akambana wifi yake mkono kwa fahari. Wifi mtu akaangalia viatu vyake. Mjane hakujua. Tunarudia: mjane hakujua lolote.

Wiki tatu baada ya mazishi, daktari wa meno alijinunulia geji mpya, ya kioo, ya tarakimu zinazowaka. Alitaka gari lipendeze kwa kumbukumbu ya fundi wake. Akaifunga. Ikasoma kumi na nne.

Angewaza nini mtu mwenye akili timamu? Angewaza kwamba geji mpya ni mbovu. Au kwamba ya zamani ilikuwa inasema uongo. Daktari wa meno aliwaza kwamba turbo zimenyong'onyea. "Hata zenyewe zinamlilia," alimwambia mkewe. Akalipeleka gari ng'ambo ya barabara na kutoa agizo moja tu.

"Zirudishe palepale alipoziacha marehemu."

Kwa heshima, jamani. Kwa heshima! Fundi wa ng'ambo akakaza mpaka tarakimu zikawaka ishirini na mbili, ishirini na mbili ya kweli. Mlima ule ule, nyuma ya maghala, gia ya tatu. Injini ilipasuka ubavuni, oili ikamwagika chini ya matairi ya nyuma, gari likaserereka, likapinduka kwenye mtaro. Daktari wa meno yuko hai. Mkono wa kulia, ule wa kushikia koleo, hautashika tena kitu chembamba.

Dada mtu alikwenda kumtazama hospitali. Daktari alimtambua, akajaribu kutabasamu.

"Kaka yako angekuwepo," alisema, "kosa hili lisingetokea."

Dada mtu aliweka mfuko wa matunda mezani akatoka. Kwenye ngazi aliketi. Alihesabu: thelathini na saba, toa moja. Kila mmoja kati ya wale thelathini na sita, siku moja, geji yake itaharibika, au atachoka na rangi yake, au mtoto atapiga kioo kwa mpira. Atafunga mpya. Itasoma kumi na nne. Naye atataka kurudishiwa palepale alipoachwa na marehemu.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo alipojua kwamba lazima aseme. Na kwamba akisema, jina la kaka yake limekwisha.

Kwanza alikwenda gereji kwa wifi yake. Mjane ndiye anayeiendesha sasa, na mafundi wawili aliowaacha marehemu. Alimkuta kwenye kiti cha mumewe, anachambua boliti.

"Wifi, nina neno."

"Kama ni geji yake ile ya mkononi, ichukue. Alisema ni yako."

"Siyo hiyo. Ni zile nyingine."

Akamweleza yote. Mjane aliendelea kuchambua boliti mpaka zikaisha, kisha akazichanganya tena.

"Kwa hiyo nimeishi na tapeli miaka kumi na tisa."

"Umeishi na mtu aliyekuwa na akili kuliko wateja wake."

"Hayo kawaambie wateja. Uone watakavyokupigia makofi."

"Wifi, wataumia. Mmoja ameshaumia."

"Nina watoto watatu na jina moja. Ukitoka hapa ukalivua hilo jina, mimi nitawavika nini?" Kisha akasema neno ambalo dada mtu alilirudia studio bila kututazama. "Mlipokuwa mnachora mlicheka wawili. Aibu mnaniachia mimi peke yangu."

Dada mtu akaondoka gereji.

Akajaribu kwenda taratibu, kama alivyoagizwa, mteja mmoja mmoja. Alianza na rubani mstaafu, akidhani mtu aliyeruka angani atasikia. Mzee alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akampigapiga bega.

"Binti yangu, mimi nimebeba abiria mia mbili juu ya mawingu. Thelathini naijua. Una msiba, nenda kapumzike."

Wa pili alimfungulia mbwa. Wa tatu alimwambia ametumwa na fundi wa ng'ambo. Wa nne hakumaliza kusikiliza, alikuwa anachelewa kwenda kununua geji.

Ndipo akaja kwetu. Jana saa sita mchana tukarusha sauti yake, dakika mbili tu. Alisema hivi: "Kama gari lako limetengenezwa na Fundi Robo, na geji yako haina jina la kiwanda chini, tarakimu zake nimeziandika mimi. Presha yako ni pauni kumi na nne. Imekuwa kumi na nne siku zote. Ukifunga geji mpya ikasoma kumi na nne, gari lako ni zima. Usimruhusu mtu aguse skrubu."

Zikaingia simu tisa. Saba zilisema kitu kimoja, kana kwamba wamekaa kikao. Mmoja tumsikie: "Huyo dada anasema kweli, wapo waliodanganywa, mimi niliwashuku zamani. Lakini langu marehemu alinifungia kwa mkono wake, tukiwa wawili tu. Langu ni ishirini na mbili."

Watu saba, na kila mmoja alifungiwa wakiwa wawili tu.

Simu mbili zilimwamini. Tulifurahi, wasikilizaji wapendwa. Tuliangaliana studio tukatabasamu, kwa nukta chache. Kisha wa kwanza akasema, "Miaka minane nimenyimwa pauni zangu nane. Kesho asubuhi nazifuata." Wa pili alikuwa ameshakata simu kuwahi foleni.

Dada mtu alivua vifaa vya masikioni akaviweka mezani polepole.

"Kumbe kaka alikuwa anawajua," alisema.

Asubuhi ya leo mjane naye alipiga simu. Hakutaka kwenda hewani, alituachia ujumbe: "Mwambieni wifi yangu magari yaliyokuwa kwangu yameondolewa yote. Asitafute mbali. Yako ng'ambo ya barabara." Tukamtuma mwenzetu akaangalie. Ni kweli. Tangu saa mbili kuna foleni kwenye lango la fundi wa ng'ambo, magari manne, yote ya Robo, na wenyewe wanabishana nani alidanganywa zaidi. Mwenzetu alimuuliza fundi kama amesikia tangazo. Fundi amesikia, neno kwa neno. Alikuwa amekalia sanduku lake la spana, anatazama magari yanavyoongezeka.

"Miaka kumi na moja nilijiona mjinga," alisema. "Leo wamekuja wenyewe. Mteja akitaka ishirini na mbili, mimi ni nani?"

Ndiyo maana kiti kilicho mbele yetu hakina mtu. Mwandishi wa vibao aliondoka hapa mbio, viatu mkononi. Tunaambiwa amesimama mbele ya gari la kwanza, mikono juu ya boneti, na mwenye gari anampigia honi.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane na watoto watatu, poleni. Mmezika mara mbili katika wiki sita, na mara ya pili tumeshika jembe sisi. Kwa dada wa marehemu, pole, popote mikono yako ilipo. Kwa daktari wa meno na mkono wake, pole sana. Kwa Fundi Robo, aliyewapenda watu kiasi cha kuwadanganya na hakuwapenda kiasi cha kuwaambia, apumzike.

Na sisi tuliobaki tujiulize, tukiwa na nafasi, ni nini tulichonyimwa ambacho leo kingekuwa kimetuua.

Ila wewe uliye wa kwanza kwenye foleni, ambaye redio ya gari lako iko wazi na unatusikia, usijiulize chochote sasa hivi. Zima gari. Zima kwanza, ubishe baadaye.